Mshipa wa damu si bomba: Homoni za ukuta wake zinavyotawala presha na moyo

KWA watu wengi, mshipa wa damu ni bomba tu. Moyo ni pampu, damu ni maji, na presha ni matokeo ya bomba kuziba au pampu kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa shuleni, na hata madaktari wenyewe, kwa zaidi ya miaka 300 tangu Mwingereza William Harvey achapishe kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu mwaka 1628, waliuona mshipa kwa namna isiyotofautiana sana na hiyo.

Picha hiyo sasa imebadilika. Utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1970 umethibitisha kuwa utando wa ndani wa mshipa ni tezi iliyotandazwa mwili mzima. Tezi hiyo hutengeneza kemikali zake yenyewe na kuamua, kila sekunde, mshipa utanuke au usinyae, na damu igande au iendelee kutiririka. Presha ya mtu, uzima wa figo zake, usalama wa mama mjamzito, na hata namna mwili wa mtoto unavyokabiliana na malaria kali, ni mambo yanayohusiana moja kwa moja na kemikali hizo.

Tezi isiyoonekana

Ateri ina tabaka tatu. La nje ni la nyuzi zinazoushikilia mshipa mahali pake. La kati ni la misuli laini, ile isiyotii amri ya mtu, ambayo ikikaza mshipa huwa mwembamba na ikilegea mshipa hupanuka. La ndani kabisa, linalogusana na damu, ni safu moja tu ya seli bapa zilizopangwa kama vigae. Safu hiyo wataalamu huiita endothelia. Ni nyembamba kiasi kwamba haionekani kwa macho matupu, na ukisugua kidogo kwa kidole ndani ya mshipa uliopasuliwa, inabanduka. Katika kapilari, yaani mishipa midogo kuliko yote, hakuna tabaka la misuli hata kidogo. Ukuta wenyewe ni endothelia.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kazi ya safu hiyo ni kuzuia damu isivuje, sawa na rangi inayopakwa ndani ya tangi la maji.

Neno homoni linahitaji ufafanuzi kidogo hapa. Mwanafiziolojia wa Uingereza, Ernest Starling, alipolitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1905, alikusudia kemikali inayotolewa na kiungo kimoja na kusafiri ndani ya damu hadi kiungo kingine kilicho mbali. Insulini itokayo kwenye kongosho ni mfano mzuri. Homoni nyingi za mishipa hazisafiri hivyo. Hutolewa na seli ya endothelia, humfikia jirani yake wa karibu, yaani msuli ulio nyuma yake au chembe ya damu inayopita mbele yake, kisha hutoweka. Wapo wataalamu wanaozinyima jina la homoni kwa sababu hiyo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huo ni ubishi wa majina. Ni kemikali zinazobeba amri kutoka seli moja hadi nyingine, na amri zake hutiiwa.

Kwa nini upana wa mshipa uwe jambo kubwa kiasi hicho? Jibu lilipatikana katika karne ya 19 kwa daktari wa Ufaransa, Jean Poiseuille, aliyepima jinsi maji yanavyopita katika vijibomba vyembamba vya kioo. Alikuta kuwa kiasi cha maji kinachopita hakiendi sambamba na upana wa kijibomba, bali na upana huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Maana yake ni hii: ukipunguza upana wa mshipa kwa asilimia 10 tu, damu inayopita inapungua kwa takriban theluthi moja, endapo moyo hautaongeza nguvu. Ukiupunguza kwa nusu, inabaki sehemu moja kati ya 16. Hivyo, anayeshika usukani wa upana wa mishipa midogo ndiye anayeshika presha ya mwili.

Hatua iliyorukwa maabarani

Aliyefungua mlango alikuwa Robert Furchgott, mtaalamu wa elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, eneo la Brooklyn, nchini Marekani. Kwa miaka mingi alikuwa akifanya majaribio kwa vipande vya ateri kuu ya sungura. Alivining'iniza ndani ya chombo chenye maji ya chumvi, akatia dawa, na kupima kama vinakaza au vinalegea.

Mwaka 1953 yeye na mwenzake walichapisha matokeo yaliyowasumbua wengi. Kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ikidungwa kwa mnyama aliye hai hulegeza mishipa na kushusha presha, ilikuwa ikivikaza vipande hivyo vya maabarani. Kemikali ni ile ile na mshipa ni ule ule, lakini majibu yalikuwa kinyume kabisa. Kitendawili hicho kilikaa miaka 25 bila kuteguliwa.

Mwaka 1978 msaidizi wake wa maabara hakufuata mpangilio wa jaribio kama alivyoelekezwa, na kwa mara ya kwanza asetilikolini ikakilegeza kipande badala ya kukikaza. Mtafiti mwingine angeagiza jaribio lirudiwe na matokeo yale yatupwe. Furchgott alitaka kujua ni nini kilichokuwa tofauti. Baada ya kuchunguza hatua moja moja, aligundua kuwa katika kuandaa vipande vya zamani, upande wa ndani wa mshipa ulikuwa ukisuguliwa bila kukusudia na endothelia kubanduka. Kipande chenye endothelia kililegea, na kisichokuwa nayo kilikaza.

Ili kuthibitisha, alibuni jaribio ambalo hata leo husimuliwa katika vyuo vya udaktari. Alichukua kipande kilichosuguliwa, ambacho peke yake hakikuweza kulegea, akakibana uso kwa uso na kipande kingine chenye endothelia yake, mfano wa vipande viwili vya mkate vilivyobanwa pamoja. Alipotia asetilikolini, kipande kilichosuguliwa nacho kikalegea. Kwa hiyo palikuwa na kitu kilichotoka upande mmoja na kuvuka hadi wa pili. Yeye na John Zawadzki walichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature mwaka 1980.

Kitu hicho kilikuwa nini? Ilichukua miaka saba kukitambua, kwa sababu kilitoweka ndani ya sekunde chache kabla hakijapimwa. Katika mkutano uliofanyika Rochester, Minnesota, mwaka 1986, Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza jibu ambalo wengi waliliona kuwa la ajabu: ni naitriki oksaidi, gesi yenye chembe moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Hadi wakati huo gesi hiyo ilifahamika zaidi kama uchafu wa hewa unaotoka kwenye injini za magari. Mwaka uliofuata kundi la Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa akifanya kazi Beckenham, Uingereza, lilionyesha kwa vipimo kuwa endothelia huitoa gesi hiyo kwa kiasi kinachotosha kueleza kulegea kwa mshipa. Ignarro na wenzake huko Los Angeles walifikia jibu hilo hilo mwaka huo huo.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Ferid Murad, ambaye mwaka 1977 alikuwa amegundua kwamba dawa za kutanua mishipa ya moyo hufanya kazi kwa kutoa naitriki oksaidi. Moncada aliachwa nje. Kanuni za tuzo hiyo haziruhusu zaidi ya watu watatu, lakini wanasayansi wengi walilalamika wakati huo, na walikuwa na sababu.

Lipo jambo la kushangaza kuhusu aliyeanzisha tuzo yenyewe. Alfred Nobel alitajirika kwa baruti aina ya dainamaiti, inayotengenezwa kwa naitrogliserini. Tangu mwaka 1879 naitrogliserini hiyo hiyo ilikuwa imetangazwa na daktari William Murrell wa London kuwa dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Nobel mwenyewe alipougua moyo, madaktari walimwandikia dawa hiyo, na katika barua ya mwaka 1896, wiki chache kabla ya kufa, alishangazwa na kejeli hiyo ya maisha. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba dawa hiyo ilikuwa ikiupa mshipa gesi ambayo mshipa wenyewe huitengeneza.

Gesi inayofanya kazi usiku na mchana

Endothelia hutengeneza naitriki oksaidi kutokana na arginini, moja ya asidi amino tunazozipata katika vyakula kama karanga, maharage, nyama na samaki. Kimeng'enya maalumu hukata chembe ya naitrojeni kutoka kwenye arginini na kuiunganisha na oksijeni. Gesi hupenya hadi kwenye misuli ya mshipa na kuamsha mjumbe wa ndani ya seli aitwaye saikliki GMP, naye huilegeza misuli. Upande wa pili, ule wa damu, gesi hiyo huzuia chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu, zisinate kwenye ukuta.

Kichocheo kikubwa cha kazi hiyo ni mkwaruzo wa damu yenyewe. Mtu anapotembea haraka au kupanda ngazi, damu hupita kwa kasi, huikwaruza endothelia, nayo hujibu kwa kutoa gesi zaidi na kutanua njia. Ndiyo maana mazoezi yanayorudiwa mara kwa mara huiongezea endothelia uwezo wa kutengeneza gesi hiyo, na presha hushuka kwa kiasi fulani hata kama mtu hajapungua uzito.

Je, gesi hiyo hutoka wakati wa dharura tu? Mwaka 1989 watafiti wa London, Patrick Vallance na wenzake, waliwadunga watu wenye afya njema dawa inayozuia utengenezaji wake, wakiielekeza kwenye ateri ya mkono. Mara damu iliyokuwa ikipita katika mkono huo ikapungua. Ikadhihirika kwamba mishipa yetu imetanuliwa kwa gesi hiyo muda wote, hata tukiwa tumelala.

Aspirini na ugomvi wa ndugu wawili

Kabla hata ya naitriki oksaidi kutambuliwa, homoni nyingine ya mishipa ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1976 Moncada huyo huyo, pamoja na John Vane na wenzao huko Beckenham, waligundua kuwa ukuta wa ateri hutengeneza kemikali ya mafuta inayotanua mshipa na kuzuia damu isigande. Iliitwa prostasaiklini. Upande wa pili, chembe sahani hutengeneza ndugu yake, thromboksani, ambayo hukaza mshipa na kuzikusanya chembe sahani zigande. Zote mbili hutokana na mafuta yale yale na hupitia vimeng'enya vya ukoo mmoja, lakini moja hulegeza na nyingine hukaza.

Hapo ndipo penye siri ya aspirini kwa wagonjwa wa moyo. Aspirini hukiua kabisa kimeng'enya hicho. Chembe sahani haina kiini, hivyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Ikishaguswa na aspirini imekwisha hadi itakapokufa baada ya siku saba hadi kumi. Seli ya endothelia ina kiini, na ndani ya saa chache hutengeneza kingine. Dozi ndogo ya kila siku, ya miligramu 75 hadi 100, huibana thromboksani na kuiacha prostasaiklini ikiendelea na kazi.

Kinyume chake kiliwahi kutokea, na kwa gharama kubwa. Dawa ya maumivu ya viungo iitwayo rofecoxib, iliyouzwa kwa jina la Vioxx kuanzia mwaka 1999, ilisifiwa kwa kutoharibu tumbo. Lakini ilikuwa ikiizuia prostasaiklini bila kuigusa thromboksani, yaani iliivunja breki na kuacha mafuta ya gari yakiendelea kumiminika. Kampuni ya Merck iliiondoa sokoni Septemba 30, 2004, baada ya utafiti wake wenyewe kuonyesha kuwa waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wasioitumia. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitoa onyo kama hilo kuhusu diclofenac kwa wagonjwa wa moyo. Dawa hiyo inapatikana karibu kila duka la dawa mijini, na wengi huinunua kwa maumivu ya mgongo bila kuulizwa habari za presha.

Homoni yenye undugu na sumu ya nyoka

Endothelia haitoi vilegezaji peke yake. Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, pamoja na mwalimu wake Tomoh Masaki na wenzao, walitangaza kupata protini fupi ya asidi amino 21 kutoka kwenye seli za ateri za nguruwe. Waliiita endothelini. Ilikuwa kikazaji cha mishipa chenye nguvu kuliko vyote vilivyojulikana hadi siku hiyo, na tofauti na naitriki oksaidi inayodumu kwa sekunde chache, athari yake huweza kuendelea kwa zaidi ya saa nzima.

Mpangilio wake uliwashangaza watafiti, kwani ulifanana mno na sumu ya nyoka wa jamii ya Atractaspis wa Mashariki ya Kati. Nyoka hao ni wadogo, weusi, na huishi chini ya udongo. Ndugu zao wapo pia Tanzania na Kenya. Sumu yao huibana mishipa inayolisha moyo. Mwili wa binadamu, basi, hutengeneza kwa kiasi kidogo sana kitu kinachokaribiana na kile anachokitumia nyoka kuua.

Katika mtu mwenye afya, endothelini hutolewa kidogo na huelekezwa upande wa misuli, siyo kwenye damu. Aidha, inapozigusa seli za endothelia zenyewe huzifanya zitoe naitriki oksaidi na prostasaiklini, kwa hiyo hubeba breki yake. Inapozidi, hasa katika presha ya mishipa ya mapafu, mishipa hujifunga na ukuta wake hunenepa. Dawa ya kwanza ya kuizuia, bosentan, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa ugonjwa huo wa mapafu. Kwa presha ya kawaida ilibidi kusubiri zaidi ya miaka 20. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha aprocitentan kwa wagonjwa ambao presha yao haidhibitiwi na dawa nyingine. Dawa za kundi hili ni hatari kwa mimba, na mwanamke hapaswi kuzitumia akiwa mjamzito.

Nyoka wa pili katika habari hii anatoka Brazil. Juu ya uso wa endothelia, hasa katika mapafu, kimewekwa kimeng'enya kinachoigeuza angiotensini kutoka hali isiyo na nguvu na kuwa kikazaji kikali cha mishipa. Mbrazili Sérgio Ferreira alikuta katika sumu ya nyoka aitwaye jararaca viambato vinavyokizuia kimeng'enya hicho, na kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa captopril, iliyoidhinishwa mwaka 1981. Enalapril na lisinopril ni za ukoo huo huo. Kimeng'enya hicho pia huivunja bradikinini, kemikali inayoiamsha endothelia itoe gesi yake. Dawa ikikizuia, bradikinini huongezeka. Hiyo ni faida kwa mishipa, lakini kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichoisha. Mgonjwa wa presha anayekohoa kwa wiki kadhaa bila homa amweleze daktari jina la dawa anayotumia kabla ya kuanza kununua dawa za kikohozi.

Endothelia inapougua

Moshi wa sigara, sukari iliyozidi kwenye damu, kolestro nyingi na presha yenyewe huzalisha chembe kali za oksijeni ambazo huiharibu naitriki oksaidi kabla haijafika kwenye misuli. Ukuta hupoteza ulegevu, chembe sahani huanza kunata, na mafuta hupenya chini ya utando. Jambo hili hutokea miaka mingi kabla ya maumivu ya kwanza ya kifua.

Mwaka 1986 madaktari wa Boston waliingiza asetilikolini katika ateri za moyo za wagonjwa. Ateri zilizokuwa laini zilitanuka. Zile zilizokwishaanza kujaa mafuta zilisinyaa. Kile ambacho Furchgott alikiona kwenye kipande cha sungura kilichosuguliwa kilikuwa kikitokea ndani ya kifua cha binadamu: amri ya kutanuka ilipofika kwenye ukuta uliokosa endothelia nzima, ilileta kukaza.

Leo hali hiyo inaweza kupimwa bila kisu. Njia iliyotangazwa London mwaka 1992 hutumia mashine ya mawimbi ya sauti pamoja na mkanda ule ule wa kupimia presha. Mkono hubanwa kwa dakika tano, kisha huachiwa ghafla, na mtaalamu hupima ateri inatanuka kiasi gani damu inaporudi kwa kasi. Katika utafiti huo wa kwanza, ateri za vijana wavutaji sigara, ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa, zilitanuka kidogo mno.

Mahali ambapo ugonjwa wa endothelia hujitokeza kwa haraka na kwa ukatili zaidi ni katika ujauzito. Kwa kawaida mama anapobeba mimba, mishipa yake hutoa prostasaiklini na naitriki oksaidi kwa wingi, na presha yake hushuka katikati ya mimba. Kwa baadhi ya wanawake kondo la nyuma halijengi vizuri mishipa yake. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi wa Boston lilionyesha kuwa kondo la namna hiyo humwaga katika damu ya mama protini inayokamata virutubisho vya endothelia. Mishipa ya mwili mzima hukosa amri ya kulegea. Presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo, uso na mikono huvimba, kichwa huuma, macho huona ukungu, na hatimaye huja degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba, ambacho katika jamii zetu bado wapo wanaokihusisha na mapepo, na ambacho ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya uzazi katika Afrika Mashariki.

Magnesiamu salfeti huzuia degedege, lakini ugonjwa wenyewe hauanzi kupoa mpaka kondo la nyuma litoke. Kuna kinga kwa walio katika hatari kubwa, kama vile waliowahi kupata tatizo hilo katika mimba iliyopita: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 wapewe aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia miligramu 150 kuanzia wiki ya 11 hadi 14, ulipunguza hali hiyo kwa asilimia 62 miongoni mwa wale ambao ingewapata kabla ya wiki ya 37. Uamuzi wa nani aanze na lini ni wa kliniki. Kwa hiyo mama anayesubiri mimba ifike miezi sita ndipo aende kliniki amekwisha kupitwa na wakati wa kinga hiyo.

Watoto wa Dar es Salaam

Mchango wa Tanzania katika elimu hii haujulikani sana nchini kwenyewe. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Kitanzania wenye malaria, uliofanyika Dar es Salaam. Wakati huo wengi waliamini kuwa naitriki oksaidi ikizidi ndiyo inayosababisha malaria ya ubongo. Matokeo yalikuwa kinyume: kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo gesi hiyo ilivyokuwa kidogo. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi mwingine wa watoto wa jiji hilo hilo, ulioonyesha kuwa wenye malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa arginini katika damu. Kimelea hula arginini, na himoglobini inayomwagika chembe nyekundu zinapopasuka huinyonya gesi kidogo inayobaki. Mishipa husinyaa, chembe zenye vimelea hunata ukutani, na ubongo hukosa damu.

Himoglobini iliyomwagika ndiyo pia inayowatesa wagonjwa wa selimundu, na ni sababu mojawapo ya baadhi yao kupata presha ya mapafu wakiwa bado vijana.

Huko Indonesia arginini iliyotiliwa kwenye mshipa ilirejesha kwa muda uwezo wa endothelia kwa watu wazima wenye malaria, lakini haijawa tiba. Artesunate bado ndiyo dawa ya malaria kali. Nalisema hili kwa sababu arginini inauzwa mijini kama kirutubisho cha nguvu za kiume na cha moyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa arginini wagonjwa waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Ulisimamishwa baada ya sita kati yao kufa, ilhali katika kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa hakuna aliyekufa. Kilicho salama zaidi kipo sokoni kwa bei ndogo: mchicha na majani mengine ya kijani, pamoja na kiazisukari chekundu, vina naitreti ambayo bakteria wa mdomoni huigeuza, na mwili ukaimalizia kuwa naitriki oksaidi. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2008 kuwa maji ya kiazi hicho hushusha presha kwa saa kadhaa.

Suala la nguvu za kiume linatufikisha kwenye sildenafil, inayojulikana zaidi kama Viagra. Ilitengenezwa Uingereza ikikusudiwa kutibu maumivu ya moyo, ikageuzwa matumizi baada ya wanaume waliokuwa katika majaribio kueleza athari nyingine, na ikaidhinishwa mwaka 1998. Haitoi naitriki oksaidi. Huzuia kimeng'enya kinachomfuta yule mjumbe, saikliki GMP, hivyo amri ya kulegea hudumu. Mtu anayetumia naitrogliserini au dawa nyingine ya naitreti kwa ajili ya moyo anapoongeza sildenafil, mishipa yote hulegea kwa pamoja na presha huweza kuporomoka hadi kufa. Saa 24 lazima zipite kati ya sildenafil na naitreti, na 48 kwa tadalafil. Mwanamume anayepata maumivu ya kifua na kukimbizwa hospitali usiku, akiwa amemeza kidonge hicho jioni, anapaswa kumwambia daktari kabla hajawekewa chochote chini ya ulimi, hata kama mkewe amesimama pale pale.